Tairi la kushoto la trela la boti linaisha upande wa ndani tu

Swali: Shikamoo fundi. Nipo Mikindani, nina boti ya faiba ya futi 19 na trela la ekseli moja lililoundwa na mafundi wa kuchomelea wa hapa hapa. Mwaka jana nilifunga matairi mawili mapya ya ringi 14. Sasa la kushoto ni kipara upande wa ndani, nyuzi zimeanza kuonekana, ila upande wa nje bado lina nguvu. La kulia halina shida. Fundi pancha aliniambia niongeze upepo. Nimeongeza, hali ni ile ile. Mwingine anasema ekseli imekaa mshazari, niende alaimenti. Boti naishusha baharini karibu kila bamvua, na mara moja moja naipeleka Msimbati. Tatizo nini?

Jibu: Marahaba. Kwanza trela lisitoke hapo lilipo. Tairi lililotoa nyuzi halina safari nyingine, hata ya kwenda Mtwara mjini.

Upepo tuutoe kwenye mjadala mapema. Ukizidi, tairi huliwa katikati. Ukipungua, huliwa kingo zote mbili kwa pamoja. Upepo hauchagui ndani wala nje. Wapo wanaopunguza upepo ili wavuke mchanga, wakirudi kwenye lami wanasahau kujaza. Hao matairi yao huisha kingo zote mbili. Lako silo hilo.

Huyo wa ekseli mshazari naye simkubalii, ingawa wengi wanafikiri kama yeye. Trela la ekseli moja lina uhuru wa kujigeuza nyuma ya gari. Ekseli ikikaa mshazari, trela hufuata matairi yanakoelekea, na aliye nyuma yako barabarani ataliona linatembea upande upande, lakini matairi hayaliwi sana. Hata stabu moja, yaani kile kipande cha mwisho wa ekseli kinachobeba habu (kitovu cha gurudumu), ikipinda kuelekea mbele au nyuma, trela hujipanga upya mpaka kosa ligawanyike, na matairi yote mawili yanaliwa. Mambo hubadilika kwenye trela la ekseli mbili: pale ekseli zisipolingana zinavutana, na matairi yanasagika haraka.

Kwa hiyo tairi moja likiisha ndani na mwenzake likabaki zima, mimi nauliza jambo moja: kwa nini gurudumu hilo limelala? Juu limeingia kuelekea boti, chini limetoka nje, na mzigo unakanyagia ukingo wa ndani.

Mshukiwa wangu wa kwanza ni beringi, kwa sababu ya jinsi trela za boti zinavyotumika huku kwetu. Unakuja unakimbia, habu imepata moto, unaitumbukiza moja kwa moja kwenye maji ya chumvi. Hewa iliyomo ndani inapoa ghafla na kusinyaa, na habu inanyonya maji kupitia kwenye sili, yaani ule mpira wa kuzuia maji. Chumvi ikishaingia, beringi inaliwa taratibu, inaacha nafasi, na gurudumu linaanza kulala. Kagua hivi: weka mawe kwenye gurudumu la kulia, piga jeki upande wa kushoto chini ya ekseli, shika tairi juu na chini, kisha lisukume na kulivuta kwa zamu. Likicheza na kugonga, umefika. Lizungushe pia kwa mkono usikilize kama linakwaruza. Fungua kofia ya habu uangalie grisi: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Badilisha beringi zote mbili za habu hiyo pamoja na sili. Usibadilishe moja ukaiacha nyingine kwa kubana pesa. Utarudi pale pale.

Beringi zikiwa nzima, hamia kwenye stabu. Hapa huhitaji mashine ya alaimenti. Azima timazi, ile kamba yenye kizito cha kupimia wima, kwa fundi muashi. Egesha trela kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa, boti ikiwa juu yake. Ning'iniza kamba ya timazi usawa wa katikati ya gurudumu, karibu na tairi bila kuligusa, kisha pima kutoka kwenye kamba hadi ukingo wa ringi, juu na chini. Kwa ringi 14, tofauti ya milimita 6 hivi ni karibu digrii moja ya kulala. Pima na kulia ulinganishe. Halafu shusha boti upime tena. Kushoto likiwa bado limelala bila mzigo, stabu imepinda, na mara nyingi chanzo ni shimo au kona ya ukingo wa barabara. Likisimama wima baada ya boti kutoka, mzigo ndio unaolilaza.

Mzigo wenyewe mara nyingi umeegemea upande mmoja. Angalia kama boti imekaa katikati ya mbao za trela, na tangi la mafuta na betri viko wapi. Lita 100 za petroli ni kama kilo 75, bado maji yaliyotuama chini ya sakafu ya boti. Soma pia namba ya uzito ubavuni mwa tairi: 91 maana yake kilo 615 kwa tairi moja, basi.

Stabu ikiwa imepinda, kata ubadilishe. Najua yupo atakayekwambia ataipasha moto kwa gesi ainyooshe kwa nyundo. Atainyoosha kweli, lakini chuma kilichopashwa hivyo kimepoteza nguvu, na hicho ndicho kinachobeba boti yako yote upande ule.

Tairi jipya nunua mwisho, baada ya gurudumu kusimama. Beringi mpya kaza nati huku unazungusha habu mpaka iwe nzito kidogo, kisha ilegeze kiasi mpaka izunguke bila kucheza, na funga pini. Ukifika ufukweni, gusa habu kwanza. Ikiwa ya moto, maji yatakusubiri nusu saa.