Usiuze boksi zima: kadi za besiboli alizoacha baba mkwe

Ndugu yangu, umesema mama mkwe wako hapo Columbus, Ohio, amekukabidhi maboksi matatu ya kadi za besiboli za marehemu mumewe, zile kadi zenye picha za wachezaji ambazo watu hukusanya, na tayari kuna mtu anataka kutoa dola 250 abebe zote. Usimpe kwanza. Jambo hilohilo lilinikuta miaka mitatu iliyopita huku upande wa Cincinnati, na nusura niuze hivyohivyo.

Baba mkwe wangu alikuwa shabiki wa Reds, timu ya besiboli ya Cincinnati, tangu utoto. Alipofariki tulikuta maboksi manne na kopo moja la biskuti, vyote vimejaa kadi. Nikamwita mwenye duka la kadi aje nyumbani. Akakaa mezani akawa anazipekua upesi upesi kama karani wa benki anayehesabu noti. Boksi la kwanza, la pili, la tatu, hakusimama popote. Alipofungua lile kopo, vidole vikapunguza mwendo. Akatoa kadi moja yenye sura nne za vijana, akaigeuza nyuma, akairudisha taratibu, kisha akasema, "Zote, dola 300." Mke wangu alikuwa anaviangalia vile vidole. Akamjibu kwamba tutazungumza kwanza kama familia.

Ilikuwa kadi ya kampuni ya Topps ya 1963, namba 537. Mmoja wa wale vijana wanne ni Pete Rose, aliyekuja kuwa nyota wa Reds, katika msimu wake wa kwanza. Kadi hiyo imeghushiwa sana, kwa hiyo niliituma PSA, kampuni inayothibitisha kadi na kuzipa alama kuanzia 1 hadi 10. Ikarudi na 2, maana pembe zilikuwa zimelika na ina mkunjo. Hata hivyo iliuzwa peke yake kwa dola 480.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza uuze wapi, kaa chini uzitenge kwa miaka. Geuza kadi nyuma utazame mstari wa mwisho wa takwimu za mchezaji: ukiishia 1967, kwa kawaida kadi hiyo ni ya 1968. Za kabla ya 1975 ziweke mbali na watoto na vikombe vya chai. Usizifunge kwa ule mpira mwembamba wa kufungia noti, unakata kingo. Usizifute kwa kitambaa wala raba, hata kama zina vumbi. Mimi nilifuta moja kwa kitambaa chenye unyevu, rangi ikaondoka na kadi ikafa palepale. Bado inaniuma.

Za kuanzia kama 1986 hadi 1993 usizijengee matumaini. Miaka ile kampuni za Topps, Donruss, Fleer, Score na Upper Deck zilichapisha kupita kiasi, na watu wengi walizihifadhi wakidhani zitasomesha watoto wao. Zimejaa kila nyumba. Hata ile maarufu ya mchezaji Ken Griffey Jr. ya Upper Deck ya 1989, namba 1, huleta pesa ya maana ikiwa tu haina dosari kabisa. Kwangu maboksi matatu kati ya manne yalikuwa ya miaka hiyo.

Na ukikutana na kadi ya Topps ya 1952 ya Mickey Mantle, nyota wa timu ya New York Yankees, chukua rula kabla hujamwambia mtu. Moja iliuzwa dola milioni 12.6 mwaka 2022, lakini Topps wenyewe walizichapisha upya kadi za 1952 mnamo 1983. Ya asili ina upana wa kama sentimita 6.7 na urefu wa 9.5, ya 1983 ni ndogo, 6.4 kwa 8.9, na nyuma imeandikwa kuwa ni chapa ya marudio. Sisi tulikuwa nayo. Shemeji yangu alilia kwa furaha, nami ndiye niliyelazimika kumwonyesha rula.

Bei usiiamini ile ambayo wauzaji wanaomba. Kwenye eBay chagua kuona zilizokwisha kuuzwa, tena zenye hali kama ya kwako. Mtu anaweza kuomba dola elfu kumi kwa kadi ya dola moja, hakuna anayemzuia.

Kuuza mtandaoni kunalipa zaidi kwa kadi moja moja zenye jina, ila eBay hukata kama asilimia 13 na kazi ya kufungasha ni yako. Mfuko laini kwanza, kisha kifuko kigumu, ufunge kwa ile tepu ya bluu ya mafundi rangi ambayo haiachi gundi. Tuma yenye namba ya kufuatilia, hata kama ni kadi ya dola 12. Mimi nilibandika stempu tu, mnunuzi akasema haijafika, nikamrudishia pesa yake kwa sababu sikuwa na cha kuonyesha.

Kadi ya 1968 ya Johnny Bench, mchezaji mwingine wa Reds, niliiuza dola 70 taslimu kwenye maonyesho ya kadi ya Jumapili, katika ukumbi wa hoteli. Hapo hakuna makato, na ukizunguka meza tatu nne za wafanyabiashara wa kadi unapata bei tatu nne. Mwenye meza naye anatafuta riziki, kwa hiyo akikupa asilimia 60 au 70 ya bei ya soko kwa kadi nzuri, hajakudhulumu. Mnunuzi wa Facebook mkutane kwenye maegesho ya kituo cha polisi. Vituo vingi huku vinaruhusu.

Andika pia thamani ya kadi kubwa kwa siku aliyofariki mzee. Mkiuza mali ya urithi, kodi ya faida huku Marekani kwa kawaida huanza kuhesabu kuanzia thamani hiyo, na mama mkwe atahitaji karatasi hiyo.

Yule wa dola 250 mwambie asubiri wiki mbili. Wikendi hii piga picha za kadi zote za kabla ya 1975, mbele na nyuma, kwenye mwanga wa dirishani, uziweke hapa. Nitazipitia moja moja nikuambie zipi za kutuma PSA na zipi za kupeleka kwenye meza za maonyesho.