Kiolezo kinajua imetosha, mi sijui

Swali lenu la wiki hii limenichokonoa mhariri. Mmeuliza mtu aliyefunzwa ufundi wa kuchonga mawe akihamia sanaa dhahania, ile ya maumbo yasiyoiga kitu chochote, ule ufundi unamsaidia au unamfunga? Mi nimesomea uashi wa mawe, miaka mitatu ya kukata herufi na kuchonga urembo wa milango, na sa hivi nachonga vitu ambavyo watu wanavizunguka mara mbili halafu wananiuliza "sasa hii ni nini?" Jibu langu ni vyote viwili, ngoja nieleze.

Kwenye ufundi kuna kiolezo. Ni kipande cha ubao mwembamba kilichokatwa kwa umbo linalotakiwa, unakiweka juu ya jiwe, unachungulia, ukiona mwanga unapenya basi bado, unarudi na tindo ya meno, unapunguza kama unene wa ukucha hivi, unapima tena. Siku mwanga haupenyi kazi imeisha, unajikung'uta vumbi unaenda zako kula. Huhitaji kujiuliza maswali.

Kwenye dhahania hamna hicho kitu. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa marumaru, umbo kama yai refu limelala ubavu, lilianza likibebwa na watu wawili, basi kila nikisema limeisha nalizunguka naona upande huu una tumbo, napunguza, kumbe sasa upande wa pili ndo unaonekana mnene, napunguza na wenyewe, wiki sita hivyo hivyo mpaka likawa la kubeba kwa mkono mmoja. Na sikukosea pigo hata moja! Nilikosa tu wa kunisimamisha.

Halafu kuna ile kesi ya ndege wa Brancusi, mchongaji wa Romania aliyefanyia kazi Paris, maana kila nikiongea haya mambo kuna mtu ananitajia. Mwaka 1926 sanamu yake ya shaba, ndege asiye na mabawa wala manyoya, ilifika New York, forodha wakagoma kuiita sanaa, wakaiweka fungu la vyombo vya jikoni na vifaa vya hospitali wakaidai ushuru wa asilimia 40, wakati sanaa ilikuwa inaingia bure. Mahakamani Jacob Epstein, naye mchongaji, akaulizwa kwani fundi hawezi kukitengeneza hiki? Akajibu fundi anaweza kukisugua king'ae, ila hawezi kukibuni. Hukumu ikatoka 1928 kwamba ni sanaa, sawa, nashukuru, ila lile jibu limenikwama kooni mpaka leo. Brancusi mwenyewe alianzia shule ya ufundi kule Craiova, Romania, 1894 mpaka 1898, ndo akaenda kusomea sanaa Bucharest. Paris alifika 1904, akaingia karakana ya Rodin, mchongaji maarufu wa Ufaransa, 1907 akatoka baada ya muda mfupi tu, na kipindi hichohicho akachonga sanamu yake iitwayo Busu moja kwa moja kwenye jiwe, bila kufinyanga kwanza mfano wa udongo ili mafundi waje kuunakili. Aliyebuni na aliyeshika nyundo ni mtu yuleyule, sasa unawatenganishaje?

Na hiyo dhahania inavyomuumbua fundi mzembe, acha tu. Ukichonga ua halafu tindo ya ncha ukaipiga wima mno, jeraha utalificha kwenye mkunjo wa jani, nani atajua. Kwenye uso laini huna pa kuficha. Pigo la wima linaponda marumaru kwa ndani, juu huoni kitu, unasugua siku nne tano, umefika msasa wa mwisho na maji, ndo linaibuka doa jeupe kama lile la kwenye kucha. Hapo ni kushusha uso mzima mpaka ulivuke, na umbo ulilolipenda limeshaondoka.

Siku hizi usiku nazima taa, naweka tochi ubavuni mwa jiwe, mwanga unalala juu yake na kila kibonde kinatupa kivuli, halafu nafumba macho napitisha kiganja. Kiganja kinajua vitu jicho halijui. Kile kiolezo changu cha shule bado nimekitundika ukutani. Juzi nikakishusha nikakiweka juu ya kazi mpya, kujifurahisha tu, mwanga ukapenya kila mahali. Nikakirudisha msumarini, nikaendelea kusugua.