Ukiitwa shahidi wa ajali, uzembe waachie mahakama

Kazi yangu imenikalisha na mashahidi wengi wa kesi za fidia za ajali kabla hawajapanda kizimbani, watu wa kawaida tu waliokuwa wanapita, na karibu kila mmoja anakuja na sentensi ileile, yule dereva alikuwa mzembe. Jamani hiyo iacheni. Uzembe ndo swali lenyewe ambalo jaji amekaa pale kulijibu, ukimjibia wewe, wakili wa upande wa pili ananyanyuka kupinga, na hata jibu lako likibaki linakuwa halina uzito.

Lakini pia msitishwe na ile "sema ulichokiona tu" mpaka mkaogopa kusema gari lilikuwa linakimbia. Hilo ni maoni, na mara nyingi yanaruhusiwa, maana kuna vitu huwezi kuvieleza bila maoni kidogo, gari lilikuwa spidi, dereva alionekana amelewa, kulikuwa na giza. Kanuni ya 701 ya ushahidi kwenye mahakama za shirikisho za Marekani inataka maoni ya shahidi wa kawaida yatokane na alichoshuhudia mwenyewe, yaisaidie mahakama, na yasiwe ya kitaalamu. Hapo kwenye utaalamu ndo watu wanateleza, mtu hakuliona gari likitembea, kakuta tu bodi imebonyea na alama za matairi barabarani afu anataja spidi! Hiyo ni kazi ya mtaalamu, wewe sema alama uliziona wapi na zilikuwa ndefu kiasi gani basi.

Kwa uzoefu wangu kinachombeba shahidi ni msingi wa maoni yake. Ulisimama wapi, uliliangalia gari kwa muda gani, kuna kitu kilikukinga, ulisikia breki au honi? "Nililiona tangu linatoka kwenye kona, likayapita magari mengine yote, sikusikia breki" ina nguvu kuliko namba uliyobahatisha. Ukibanwa utaje spidi na unaweza kukadiria, toa kadirio pana na useme wazi ni kadirio.

Na sikiliza swali limeulizwaje. Mwaka 1974 watafiti wa saikolojia Loftus na Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu zilezile za ajali, walioulizwa magari yalikuwa na spidi gani "yalipobamizana" wakakadiria wastani wa kama maili 41 kwa saa, walioulizwa "yalipogusana" kama maili 32. Kwenye jaribio la pili, wiki moja baadaye, wengine wakasema waliona vioo vilivyovunjika na kwenye filamu havikuwepo kabisa. Kwa hiyo wakili akikuuliza gari "lilipomvamia" mteja wake, jibu kwa maneno yako mwenyewe.

Andika ulichoona siku hiyohiyo, kabla hujaongea na ndugu wa majeruhi wala kuangalia video za watu, weka tarehe na saa, afu mpe wakili aliyekuita aione mapema. Ukiulizwa kama uliongea na mtu kuhusu ajali na kweli uliongea, sema ndiyo, na umtaje.