Maswali na majibu: Breki za Land Rover ya zamani zinavuja na gurudumu moja limezibwa

Swali

Assalaam alaykum fundi. Naishi Wete na ninayo Land Rover Series III fupi ya mwaka 1974 niliyoachiwa na ami yangu, ambayo huiendesha siku za mapumziko tu. Mafuta ya breki yanapungua na gurudumu la nyuma la kushoto limelowa kwa ndani. Fundi mmoja aliikata paipu ya gurudumu hilo, akaikunja na kuiponda ili mafuta yasifike, akasema nitembelee breki tatu mpaka vipuri vipatikane. Mwengine amenishauri nitie oili ya haidroli kwa kuwa ni nzito na haitavuja upesi. Je, naweza kuendelea hivyo? Na nikitaka kuitengeneza mwenyewe, nianzie wapi?

Jibu

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Naomba gari hiyo isitoke tena uani mpaka breki zote nne zirudi, na oili ya haidroli usiitie hata tone.

Land Rover nyingi za miaka hiyo zina njia moja tu ya mafuta inayolisha magurudumu yote manne. Kila unapokanyaga pedeli, ncha ile iliyopondwa inabeba shinikizo lote la mfumo, na siku itakapoachia, mafuta yatamwagika na pedeli itakwenda hadi chini bila ya gurudumu hata moja kushika. Hata kabla ya kufika huko, ekseli ya nyuma inashikwa upande wa kulia peke yake, kwa hiyo ukikanyaga kwa nguvu kwenye mteremko wenye lami iliyorowa, na Pemba miteremko ni mingi, gurudumu hilo litafunga na mkia wa gari utahama njia. Kuziba paipu ni desturi iliyoenea katika gereji zetu, nami sioni hali yoyote ambayo ingefaa kwa gari linalobeba watu.

Ama oili ya haidroli, hiyo ni mafuta ya madini, na raba za breki zimetengenezwa kwa mafuta ya breki peke yake. Raba zikiguswa na mafuta ya madini huvimba na kulainika, kuanzia zile za masta silinda (pampu inayosukuma mafuta unapokanyaga pedeli) hadi mipira inayoteremkia magurudumu. Ikiwa yameshatiwa, kuyamwaga hakutoshi: itabidi kubadilisha raba na mipira yote na kuosha paipu kwa spiriti. Tumia mafuta ya breki ya DOT 4, au DOT 3 ukikosa, na usichanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha kwamba kinachovuja ni mafuta ya breki, kwa sababu katika ekseli ya nyuma sili ikichoka, oili ya difu (gia za katikati ya ekseli) nayo huingia ndani ya dramu, yaani ngoma ya breki, na kulowesha gurudumu vilevile. Chovya kidole, kisha kisugue ndani ya kikombe cha maji. Mafuta ya breki ni mepesi na huchanganyika na maji yakapotea, wakati oili ya difu ni nzito, ina harufu kali na huelea juu.

Unaponyanyua gari, kumbuka jambo linalowaponza wengi. Breki ya mkono ya Land Rover hii haishiki magurudumu. Inashika propela shafti ya nyuma, yaani chuma kinachopeleka nguvu ya injini kwenye ekseli, nyuma ya gia boksi. Ukinyanyua gurudumu moja la nyuma, difu inaliruhusu lizunguke na lile lililobaki chini nalo linaweza kuzunguka kinyume, hivyo gari huweza kutembea na kuanguka kutoka kwenye jeki ilhali breki ya mkono imevutwa. Tia kabari za mbao mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele yote mawili, na uikalishe ekseli juu ya stendi kabla hujaingiza mkono.

Vumbi lililomo ndani ya dramu lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa, kwa kuwa viatu vya breki (vipande vinavyoikandamiza dramu kwa ndani) vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, ambayo huharibu mapafu. Lirowanishe kwa maji, ulifute kwa kitambaa, kisha ukitupe kitambaa hicho. Hapo utaiona silinda ya gurudumu. Funua vifuniko vyake vya raba: unyevu mdogo si neno, lakini mafuta yakitiririka, silinda imekwisha. Wengi hununua raba peke yake kwa sababu ni rahisi. Mimi nakushauri ununue silinda nzima, na ya kulia pia, kwani baada ya miaka mingi ya hewa yetu ya chumvi ukuta wa ndani huwa umeliwa na kutu ukawa na vishimo, na vishimo hivyo vitaikwangua raba mpya. Viatu vilivyokunywa mafuta havisafishiki vikaaminika. Badilisha vya pande zote mbili kwa pamoja.

Paipu iliyokatwa isiungwe kwa kulehemu wala kwa kipande cha mpira. Weka mpya nzima ya kipimo cha inchi 3/16, ikiwezekana ya shaba iliyochanganywa na nikeli, ambayo hailiwi na kutu kama chuma. Chukua nati ya zamani uende nayo dukani, Unguja au Kariakoo, kwa kuwa magari ya Kiingereza ya miaka hiyo yana nati za inchi na za milimita, na zinafanana machoni. Na maadamu umo chini ya gari, sugua paipu zilizobaki pale zinaposhikwa na vibanio, kwani tope na chumvi hujificha hapo. Ukikuta vishimo, nazo zitoke.

Kutoa upepo ulioingia ndani ya paipu kunahitaji watu wawili. Rekebisha kwanza viatu vikaribie dramu, kisha anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ambalo kwa usukani wa kulia ni hilohilo la nyuma kushoto. Msaidizi akanyage na kushikilia, wewe ufungue skrubu ya kutolea upepo nyuma ya gurudumu, na uifunge kabla hajaachia mguu. Usiliache tangi la juu likauke, na mafuta yaliyotoka usiyarudishe. Mafuta haya hufyonza unyevu: DOT 4 mpya huchemka kwa nyuzi 230 za Selsiasi au zaidi, lakini yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachotakiwa hushuka hadi 155. Kwa unyevu wa Pemba, mimi ningeyabadilisha kila mwaka kabla ya masika. Yakimwagikia rangi ya gari, mwagia maji papo hapo, maana huibandua.

Ukimaliza, kanyaga pedeli kwa nguvu na uishikilie kwa dakika moja. Ikisimama imara, jaribu gari polepole mahali tambarare, kisha kagua kila kiungio. Ikiwa inazama taratibu ilhali hakuna unyevu popote, basi raba za ndani ya masta silinda ndizo zinazopitisha mafuta, na silinda hiyo nayo ibadilishwe kabla hujaitoa gari barabarani.