Maneno 15 hayatoshi kusema otomata mbili ni sawa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma chuo hapa Kasulu. Tuliambiwa tuchore otomata (mashine ya kufikirika inayosoma neno herufi kwa herufi, ikihama kutoka hali moja hadi nyingine, na mwishoni hulikubali au hulikataa) inayokubali maneno ya herufi a na b yenye a kwa idadi shufwa. Yangu ina hali 2. Ya mwenzangu ina 4: anaanza 0, kila a inamsogeza mbele hadi 3, akifika 3 habanduki, zinazokubali ni 0 na 2, na b haimhamishi popote. Tumejaribu maneno yote 15 yasiyozidi herufi 3, pamoja na neno tupu lisilo na herufi, majibu yamelingana. Tuandike ni sawa?

JIBU: Marahaba. Msiandike.

Ziendesheni zote mbili kwa pamoja, mkiandika jozi za hali. Zako ziwe P (inakubali) na Q. Mnaanza (P,0). Mkisoma a mnapata (Q,1), kisha (P,2), kisha (Q,3), kisha (P,3). Simameni hapo: P inakubali, 3 inakataa. Neno aaaa limewatenganisha. Jozi haziwezi kuzidi 2 × 4, yaani 8. Mngezimaliza zote bila mgongano, hapo ndipo mngeandika "sawa".

Kinachonichosha ni hili la "tumejaribu mengi". Treni ya Kigoma na ya Mwanza hupita reli ileile kutoka Dar hadi hapa Tabora. Aliyeshukia Dodoma ataapa ni safari moja. Otomata za hali m na n zikitofautiana, lipo neno la herufi zisizozidi m + n − 2 litakaloonyesha. Kwenu ni 4, nanyi mmeishia 3!

Halafu kuna wanaowauzia vijana programu ya kurusha maneno ya kubahatisha. Chukua otomata mbili za hali 20 kila moja. Kikomo ni herufi 38, na maneno ya urefu huo kwa herufi mbili yanapita bilioni 270. Jozi ni 400 tu. Wanasayansi wa kompyuta Hopcroft na Karp walionyesha mwaka 1971 njia ya kuunganisha hali inayokwenda kasi zaidi ya hapo, sasa kubahatisha kwa nini?

Na msihamishie mbinu hii kila mahali. Otomata yenye njia nyingi kwa herufi moja igeuzeni kwanza iwe na njia moja tu kwa kila herufi, na hali n zinaweza kufika 2ⁿ. Sarufi huru-muktadha (kanuni za kuunda maneno ambapo alama hubadilishwa bila kujali zilizo jirani nayo) ndiyo kabisa: imethibitishwa hakuna algorithimu ya kulinganisha zozote mbili, hata kompyuta iwe kubwa vipi. Anayewaambia programu yake inaweza, msimpe hela.