Deni lililohama bado ni deni: majibu ya barua za mwezi huu

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mtu anadaiwa mahali fulani, ameahidiwa riba ndogo mahali pengine, naye anataka kujua kama ahame. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Binti yangu ni muuguzi Boston na anadaiwa dola 6,000 kwenye kadi ya mkopo inayotoza riba ya asilimia 24 kwa mwaka. Benki nyingine inamwambia ahamishie deni kwao, asitozwe riba kwa miezi 18. Benki hiyo inapata nini? (Mama, Jinja)

Mama, umeuliza swali ambalo wakopaji wengi hulisahau. Benki mpya hulipa deni lililo kwenye kadi ya zamani, na tangu hapo binti yako anadaiwa na benki mpya. Faida ya kwanza ya benki hiyo ni ada ya kuhamisha deni, ambayo huko Marekani kwa kawaida ni asilimia 3 hadi 5 ya kiasi kinachohamishwa, na huongezwa kwenye deni tangu mwanzo. Tuseme ni asilimia 3: hiyo ni dola 180, kwa hiyo ataanza akidaiwa dola 6,180. Ada hiyo si mbaya, kwa sababu kadi ya zamani inamtoza riba ya dola 120 hivi kila mwezi, na kwa hiyo itakuwa imejilipa kabla ya miezi miwili kwisha.

Faida ya pili ndiyo kubwa, nayo ni matumaini ya benki kwamba muda utakwisha deni likiwa bado lipo. Ukigawanya dola 6,180 kwa miezi 18 unapata dola 344 kwa mwezi, na hicho ndicho kiasi ambacho binti yako anapaswa kukiona mbele yake kila anapopokea mshahara. Kiasi cha chini kinachoandikwa kwenye taarifa ya mwezi hakikupangwa kumaliza deni ndani ya miezi ya ofa. Akilipa dola 150 tu kila mwezi, mwisho wa miezi 18 atakuwa bado anadaiwa dola 3,480, na riba ya kawaida itaanza kuhesabiwa juu yake. Mwambie aiagize benki yake ikate dola 344 kila mwezi bila yeye kukumbushwa, na asome kwa makini siku ambayo miezi hiyo inaanza kuhesabiwa, kwa kuwa katika ofa nyingi huanza siku akaunti ilipofunguliwa, si siku deni lilipohamia. Tena, wakati uhamisho unashughulikiwa, jambo linaloweza kuchukua wiki mbili au zaidi, aendelee kuilipa kadi ya zamani kama kawaida.

Nina kadi ya ATM hapa Mbale. Naweza kuhamishia deni langu humo?

Hapana. Kadi ya ATM hutoa fedha zako mwenyewe zilizo kwenye akaunti, na haina mkopo wowote ndani yake. Swali hili nimelijibu mara nyingi katika safu hii, na naomba kwa dhati msomaji aulize kwanza benki yake ni kadi ya aina gani anayoibeba kabla ya kupanga lolote juu yake.

Kaka yangu aliyeko Marekani amehamisha deni kwenye kadi ya riba sifuri, sasa anaitumia kadi hiyohiyo kununulia chakula na mafuta ya gari. Kuna ubaya? (Msomaji, Arua)

Upo, tena mkubwa. Riba sifuri mara nyingi ni ya deni lililohamishwa peke yake, ilhali manunuzi mapya hutozwa riba ya kawaida. Zaidi ya hapo, mtu anayebeba deni kutoka mwezi mmoja hadi mwingine kwa kawaida hupoteza ile nafuu ya siku kadhaa za kulipa manunuzi bila riba, hata chakula cha leo kikaanza kutozwa leo. Sheria ya kadi za mkopo ya Marekani ya mwaka 2009 inaitaka benki ielekeze malipo yanayozidi kiwango cha chini kwenye deni lenye riba kubwa zaidi, lakini kiwango cha chini chenyewe benki inaweza kukielekeza kwenye deni la riba ndogo. Maana yake ni kwamba kaka yako akilipa kiwango cha chini tu, deni la mafuta ya gari linaweza kubaki bila kuguswa huku likikua. Kadi iliyopokea deni iwekwe kabatini mpaka deni liishe.

Muda wa riba sifuri ukiisha, watadai riba ya miezi yote iliyopita?

Kwa deni lililohamishwa, hapana: riba huanza kuhesabiwa juu ya kilichobaki. Lakini kadi za maduka huko Marekani zina mpango mwingine unaofanana na huu kwa maneno, ambamo riba huahirishwa, na usipomaliza deni lote kwa tarehe iliyowekwa hutozwa riba yote tangu siku uliponunua. Tangazo likisema hakuna riba "iwapo utalipa yote" kabla ya tarehe fulani, huo ndio mpango wenyewe.

Nina mkopo wa mshahara, umebaki shilingi milioni 4 na miezi 24, kwa riba ya asilimia 20. Benki nyingine inataka kuununua kwa asilimia 17, na makato yangu ya mwezi yatapungua kwa nusu. Nisaini? (Mwalimu, Busia)

Mwalimu, usisaini kabla ya kumaliza kusoma jibu hili. Hapa Uganda kununuliwa mkopo ndiko kuhamisha deni kwetu, na mtego wake umo kwenye hilo neno "nusu". Riba ikishuka kutoka asilimia 20 hadi 17, makato hayawezi kupungua kwa nusu isipokuwa muda umerefushwa, nawe hukuniandikia muda mpya. Nakisia ni miezi 60, kwa sababu hesabu inaangukia hapo.

Riba ikihesabiwa kwa deni linalobaki, mkopo wako wa sasa unakukata kama shilingi 203,600 kwa mwezi, na hadi utakapokwisha utakuwa umelipa riba ya shilingi 886,000 hivi. Kwa asilimia 17 na miezi 60, makato yatashuka hadi shilingi 99,400, lakini riba yote itakaribia shilingi 1,965,000. Riba imeshuka kwa jina, nawe unalipa zaidi ya mara mbili, kabla hujaongeza ada ya kushughulikia mkopo, bima, na adhabu ambayo benki ya zamani inaweza kudai kwa kulipwa mapema. Waombe wakununue kwa asilimia 17 na miezi ileile 24. Wakikataa, utakuwa umejua walichokuwa wanakiuza. Na wakikushawishi uchukue "nyongeza kidogo mkononi", kama wanavyofanya karibu kila mara, fahamu kwamba nyongeza hiyo nayo itatozwa riba kwa miaka mitano.

Mwongozo wa Benki Kuu ya Uganda wa mwaka 2011 kuhusu kuwalinda wateja wa fedha unakupa haki ya kuelezwa gharama zote kabla ya kusaini. Dai jumla kwa shilingi, kwa maandishi. Na ukihama, usitoke benki ya zamani bila barua inayosema mkopo umefungwa. Mimi mwenyewe niliwahi kuhamisha mkopo bila kuidai barua hiyo, mshahara wangu ukakatwa na benki zote mbili kwa miezi miwili, na kurudishiwa fedha zangu kulinichukua muda mrefu kuliko mazungumzo yote ya kuhama.

Mkopeshaji wa mtaani ameshika kadi yangu ya ATM na namba ya siri. Ushirika wetu wa akiba na mikopo uko tayari kunikopesha nimlipe. Nihamie? (Askari, Nsambya)

Afande, hama, na hama mwezi huu. Ni mara chache naandika hivyo bila kuhesabu kwanza, lakini mtu anayekuchukulia mshahara wako kabla hujauona hawezi kulinganishwa na ushirika wenye kanuni na wanachama. Uende kwa mkopeshaji huyo ukiwa na shahidi, umlipe kwa njia inayoacha kumbukumbu, upate stakabadhi na hati ya makubaliano irudishwe, kisha uende benki siku hiyohiyo ubadilishe kadi na namba ya siri. Kabla ya kulipa, kagua anachokudai: mwaka 2024 Waziri wa Fedha alitangaza ukomo wa riba ya asilimia 2.8 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa aina hiyo, na leseni zao hutolewa na UMRA, mamlaka ya Uganda inayosimamia wakopeshaji wadogo. Kama anakutoza asilimia 10 kwa mwezi, au hana leseni, peleka malalamiko huko.

Dada yangu London ana kadi ya riba sifuri. Anaweza kulipia deni langu la Kampala?

Ofa hizo kwa kawaida ni za kadi za nchi ileile. Akitoa fedha taslimu kwenye kadi ili akutumie, atatozwa ada na pengine riba tangu siku hiyo, deni litakuwa kwa pauni ilhali wewe unapata shilingi, na ukichelewa jina litakaloharibika ni la dada yako. Usimwombe.

Nimeshahamisha. Nifunge kadi ya zamani? (Msomaji aliyeko ughaibuni)

Subiri taarifa mbili za mwezi zionyeshe sifuri, kwa sababu riba ya siku za mwisho mara nyingi huja baada ya uhamisho. Baada ya hapo, kuiacha wazi bila kuitumia huweza kusaidia alama zako za ukopaji huko uliko, yaani zile ambazo wakopeshaji huzitumia kupima kama unaaminika. Lakini kama ni kadi hiyo iliyokuingiza kwenye deni mara ya kwanza, ifunge.