Kukataa nyama ya kasa si kuharamisha halali

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mume wangu ni mvuvi hapa Pemba. Jarife (wavu) lake lilinasa ng'amba, aina ya kasa, baba mkwe akamchinja. Mimi nanyonyesha, nikakataa kula, na nikamzuia binti yangu wa miaka minne. Mkwe akasema naharamisha alichohalalisha Mwenyezi Mungu, na kwamba akichemshwa sana kwa ndimu sumu hutoka. Je, nina dhambi?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Huna dhambi, mwanangu. Umewalinda wanao wawili, na Mola akulipe kheri.

Kuhusu kasa wanazuoni wamehitilafiana, hata ndani ya madhehebu yetu ya Shafi. Imamu Nawawi katika Al-Majmu' ameona vya baharini vyote ni halali isipokuwa chura. Basi tumkubalie mkwe wako asili ya uhalali. Je, hoja yake imesimama? Haijasimama. Uhalali wa kitu haukulazimishi kukila: Mtume (s.a.w.) aliandaliwa mjusi wa jangwani (dhabb), akaacha, na Khalid bin Walid akamla mbele yake. Mtume hakuharamisha, wala hakulaumiwa. Na chenye sumu ni haramu kwa madhara yake hata kama asili yake ni halali, kwani Mola amesema tusijiue (An-Nisaa 29).

Hili la ndimu ndilo linalonitia uchungu. Sumu ya kasa haitoki kwa moto, wala kwa ndimu, wala kwa kukaushwa. Ng'amba hula sifongo wa kwenye miamba ya matumbawe, na wataalamu wanaona sumu humwingia kwa anavyokula. Ndiyo maana kasa mmoja huliwa salama na mwingine, wa mwamba ule ule, akaua. Humjui kwa rangi wala kwa harufu. "Wazee wetu walikula" maana yake ni kwamba waliokula walisalimika na yule waliyempata siku hiyo, basi. Kisiwani Panza, huko Pemba, Machi 2024, walikufa kwa kula kasa watoto 8 na mtu mzima 1, na watu 78 wakalazwa. Hao nao walikuwa na wazee. Watoto ndio huangamia kwanza, na sumu hupita katika maziwa ya mama. Kwa hiyo hata ungekubali wewe peke yako, ungemlisha sumu mtoto wako mchanga.

Mkwe usimjibu kwa ukali. Mwombe mumeo azungumze naye faraghani, mtu na baba yake.

Na mumeo mwenyewe: sheria imekataza kuvua kasa, na amri inayolinda roho inatiiwa. Akinasa tena, akate nyuzi za jarife, asimkate mapezi. Amshike gamba mbele, nyuma ya shingo, na gamba la nyuma; asimvute kwa mapezi. Akiwa amelegea asimtupe baharini, atazama. Amlaze kifudifudi kivulini, ainue upande wa nyuma kama shubiri moja maji yatoke mapafuni, amfunike kitambaa kibichi bila kuziba pua. Huenda akachukua saa nyingi kuzinduka. Kisha azime mashine na amshushe taratibu.

Waliokula nyama ile nyumbani kwako uwachunguze siku kadhaa. Kuwashwa au kuungua mdomo na koo, kutapika, kusinzia kusiko kwa kawaida: hospitali mara moja, na daktari aambiwe wazi kwamba walikula kasa. Dawa ya kuondoa sumu hiyo haipo, lakini mgonjwa husaidiwa kupumua na kuongezewa maji. Wasifiche kwa kuogopa sheria.